Filta Zimebaki Mbili: Uzoefu Wangu na Metro Exodus

Mke wangu alidhani naota. Ilikuwa saa saba usiku, yeye chumbani, mimi sebuleni na hedifoni masikioni, na inaonekana nilisema kwa sauti: "Filta zimebaki mbili tu, hizi hazinifikishi." Akatokea mlangoni na kanga yake, akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Baba Zuhura, hata usiku unahesabu stoo?"

Hakukosea kuuliza. Natunza stoo kwenye duka la spea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kutwa nzima ninachohesabu ni filta: za oili, za hewa, za dizeli. Ila zile za usiku ule zilikuwa za barakoa ya kijana anayeitwa Artyom, aliyekuwa amekwama kwenye jumba lililojaa sumu kandokando ya mto Volga, na asipotoka ndani ya dakika chache anakufa kwa kukosa hewa. Nimelicheza gemu hili miezi mitatu, nimelimaliza mara moja, na sasa niko katikati ya mara ya pili.

Diski niliipata ya mtumba kwa Sh 40,000. Muuzaji aliapa haina mkwaruzo hata mmoja. Nilipofika nyumbani nikaiinua kwenye taa nikaona imekwaruzika kama iliyosuguliwa kwa mchanga wa ufukweni. Ilisoma jaribio la tatu, na kwa kuwa gemu ni zito ikabidi nifute mawili ya mpira ili lipate nafasi. Lakini baada ya hapo halikuniomba bando, halikuniomba akaunti, halikuniletea mtoto wa miaka kumi na miwili wa kunitukana kwenye spika. Unacheza peke yako mwanzo mwisho.

Lilitoka Februari 2019. Waliolitengeneza ni 4A Games, studio iliyoanzia Kyiv, Ukraine, ikaja kuhamishia makao yake makuu Malta. Hadithi iko Urusi. Vita vya nyuklia vilipiganwa mwaka 2013, Moscow ikateketea, na waliobaki wameishi zaidi ya miaka ishirini kwenye mahandaki ya treni za chini ya ardhi, wakiamini duniani wamebaki wao tu. Artyom hakubali. Kila mara anapanda juu na redio yake kutafuta sauti ya mtu mwingine, anarudi nusu mfu, mkewe Anna anamgombeza, kesho anapanda tena. Sitakuharibia uhondo. Itoshe kusema wanapata treni ya mvuke, wanaipa jina Aurora, na wanauacha mji kuelekea mashariki kutafuta mahali ambapo binadamu anaweza kuvuta pumzi bila kuvaa kitu usoni.

Watu wakiniuliza gemu hili linahusu nini huwa nawaambia: hewa. Bunduki zimo nyingi, na ni nzuri, lakini si bunduki zilizonikalisha macho.

Ukiingia sehemu yenye sumu unavaa barakoa, na dakika zako zinaanza kupungua. Unazisoma kwenye saa ya Artyom, mkono wa kushoto, kama unavyoangalia saa yako ukiwa umechelewa kazini. Pumzi yake unaisikia ndani ya masikio yako. Mwanzoni ni ya kawaida. Filta ikikaribia kwisha inakuwa nzito, kama ya mtu aliyepandisha ndoo ya maji ghorofa ya tano. Matope na damu vinarukia kioo, unabonyeza kitufe, kiganja kinapita kufuta. Ukipigwa kofi na zimwi kioo kinapasuka, ufa unakatiza mbele ya macho yako, na Artyom anachukua kipande cha selotepu anabandika. Nilicheka peke yangu. Pale Gerezani nimeshaona taa za daladala zikitibiwa hivyo hivyo, na gari likarudi barabarani.

Sasa turudi kwenye lile jumba. Nilikuwa nimeingia kwa tamaa. Niliona makabati kupitia dirishani nikajiambia mtu wa stoo hapiti kabati bila kulifungua. La kwanza, tupu. La pili, risasi tatu za bunduki nisiyokuwa nayo. Pumzi ikaanza kukoroma. Nyuma ya ukuta kuna kitu kinanusa, makucha yanakwaruza vigae, na mimi najua nikifyatua hata risasi moja watakuja ndugu zake wote. Nimesimama gizani nafanya hesabu ambayo nimeifanya maisha yangu yote ya kazi: kilichopo, kinachotoka, kinachoingia, lini kitakwisha. Tofauti ni kwamba dukani filta zikiisha mteja anavuka barabara anakwenda duka la pili.

Nilitoka. Barakoa niliivulia nje kwenye baridi, na ile pumzi ndefu anayovuta Artyom nadhani niliivuta na mimi.

Kila kitu humu kimefungwa kwenye uhaba huo huo. Unaokota vitu vya aina mbili, kemikali na vyuma chakavu, na hivyo hivyo ndivyo vinavyogeuka filta, dawa ya kujitibu na risasi. Ukitengeneza dawa nyingi, umejinyima filta. Artyom anatua begi chini, analifungua, anaanza kuunga vitu kwa mikono yake, na gemu halisimami kukusubiri. Ukilifungua begi mahali pabaya utaliwa ukiwa umelipigia magoti. Risasi nyingi hazitengenezwi begini, mpaka ufike kwenye meza ya fundi. Ndiyo maana nikaipenda Tikhar, bunduki ya upepo unayoijaza kwa kupampu kama tairi la baiskeli. Inatema gololi, na gololi unazitengeneza popote. Haina makelele. Ila usiposhughulika na pampu, upepo unapungua na gololi inafika kwa adui kama salamu.

Bunduki nazo zinachafuka, na chafu inakwama. Siku ya kwanza kukwama nilikuwa mbele ya mazimwi manne. Siku hizi nikiona meza ya fundi nasafisha kwanza, mengine baadaye.

Nimecheza magemu ya vita ambako risasi zinamiminika kama maji ya bombani siku yanapotoka. Unafyatua, unakimbia, mwisho wa saa nzima huwezi kukumbuka hata mtu mmoja uliyempiga. Hapa namkumbuka karibu kila mmoja, kwa sababu kila mmoja alinigharimu kitu. Na wengine sikuwapiga. Ukipunguza wenzao, waliobaki mara nyingine wanatupa silaha chini na kuinua mikono. Gemu halikwambii ufanye nini.  Pale Volga, daraja linashikiliwa na waumini wa dhehebu moja wanaoamini umeme ni dhambi, watu wa kawaida kabisa, wavuvi, na wananikera kwelikweli, lakini nilijikuta napita nyuma yao kwenye mtumbwi, kimya, nikizima taa moja baada ya nyingine. Ulivyoishi nao inakuja kuonekana mbele ya safari, kwa watu wa kwenye treni yako. Naachia hapo.

Na treni yenyewe! Hii ndiyo sehemu ambayo sikuitegemea. Baada ya kila eneo unarudi Aurora, na hakuna haraka. Unapita behewa kwa behewa. Huyu anapiga gitaa, yule anavuta sigara na kukukaribisha, mama mmoja uliyemwokoa kanisani na binti yake anasimulia habari zake. Huyo binti alinyang'anywa mwanasesere wake wa dubu na zimwi lenye mabawa, na kwenda kumrudisha hakulazimishwi na mtu. Nilikwenda. Nilimaliza filta mbili na karibu dawa zote kwa ajili ya dubu wa kitambaa, na Zuhura, mwanangu wa miaka sita aliyekuwa ameamka kunywa maji, akauliza kama mtoto amefurahi. Nikamwambia amefurahi, nenda kalale.

Kinachoniudhi ni Artyom mwenyewe kuwa bubu. Kwenye masimulizi ya kati ya safari anaongea vizuri tu, sauti nzito, ana fikra. Gemu likianza, kimya. Anna anamwita kwenye redio, anamuuliza kama yuko salama, anamwambia anampenda, na jamaa hajibu hata "mm". Nikijaribu hivyo mimi hapa nyumbani nitalala kwenye kochi wiki nzima. Najua wanataka nijione mimi ndiye Artyom, lakini mimi ningejibu.

Maneno nayo: Kiswahili humo hakuna, na watu wa kwenye treni wanaongea kwa kukatizana, watu watatu kwa mkupuo, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kirusi. Nilisoma maandishi ya chini mpaka macho yakauma. Eneo la jangwa karibu na Bahari ya Kaspi limepanuka kupita hadithi yake, unaendesha gari bovu kutoka kituo kimoja cha majambazi kwenda kingine, na hapo nilipoteza karibu wiki mbili bila hamu. Na maadui wa gemu hili wana usahaulifu wa ajabu. Mwenzao ameanguka miguuni pao, wanapiga kelele, wanazunguka, baada ya muda wanarudi kuota moto.

Ila jangwa hilo hilo lina mapango yenye buibui wakubwa wanaoogopa mwanga. Ukiwamulika na tochi wanaungua na kukimbia. Tochi ikififia wanarudi. Tochi inachajiwa kwa mkono, unaikamua kamua. Basi nikiwa katikati ya pango, nakamua, nasikia miguu yao ukutani kushoto na kulia, umeme wa mtaani ukakatika. Runinga kimya, feni kimya, giza tupu. Nimeishi na umeme wa kukatika tangu nizaliwe, lakini siku hiyo niliitafuta simu niwashe taa kama mtu aliyeona nyoka.

Kwa wanaouliza kuhusu yaliyotangulia: Metro 2033 ni la 2010, Metro: Last Light la 2013, na yote mawili yaliwekwa pamoja kwa jina la Metro Redux mwaka 2014, ndivyo nilivyoyapata. Hayo yako karibu yote chini ya ardhi, njia nyembamba, hakuna kuzurura. Lakini yana jambo moja ambalo Exodus imelitupa na mimi nalililia: pesa ya humo ni risasi. Risasi safi za jeshi, zilizotengenezwa kabla ya vita, ndiyo sarafu ya kununulia filta na bunduki sokoni. Na zinafyatulika, tena zinaua vizuri kuliko zile za kuunga mahandakini. Zimwi likikubana unaamua kama utaipakia mshahara wako kwenye bunduki. Sijaona gemu jingine lililonielewa kiasi hicho mwisho wa mwezi.

Kuna rafiki yangu wa dukani anayeshikilia kwamba mfalme wa aina hii ni S.T.A.L.K.E.R., lile la 2007 kutoka studio nyingine ya Kyiv, linalochezwa eneo la Chernobyl. Hatuwezi kumaliza ubishi huo. Hata hivyo baadhi ya walioanzisha 4A walitokea huko huko, kwa hiyo tunabishania watoto wa nyumba moja. Na nyumba hiyo ni ya watu wanaojua wanachokisema. Mtambo wa Chernobyl ulilipuka mwaka 1986, na hauko mbali na Kyiv.

Mwanzoni mwa 2022 nilikuwa bado sijalijua gemu hili, lakini picha za taarifa ya habari nazikumbuka: watu wa Kyiv wamelala kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, mablanketi, watoto, paka, mabomu yakianguka juu. Nilipoanza Metro 2033 na kuona familia zimetandika magodoro kwenye kituo, mtoto akimuuliza baba yake swali, nilisimamisha gemu. Mtu aliyechora ukumbi ule mwaka 2010 huenda na yeye alikuja kulala kwenye sakafu kama ile. Sikucheza tena siku mbili tatu.

Nani anunue? Anayependa kasi, asinunue. Kijana wa jirani, bingwa wa mpira kwenye banda la gemu mtaani kwetu, nilimwazima diski akairudisha siku ya pili. "Anko, hapa nashindana na nani?" Nikamwambia unashindana na pumzi. Akaniangalia kwa huruma. Lakini kama una saa mbili za usiku baada ya watoto kulala, na hedifoni nzuri (hilo ni la lazima, nusu ya gemu iko masikioni), lichukue. Anza kiwango cha kawaida. Cheza usiku ndani ya gemu pia: kuna vitanda, ukilala unachagua kuamka mchana au usiku, na usiku binadamu wanakuona kwa shida ingawa mazimwi yanazidi. Usipite kabati bila kulifungua, isipokuwa pumzi imeanza kukoroma.

Mara hii ya pili nacheza kiwango kigumu zaidi. Jana nilikuwa Volga tena, kwenye jumba lile lile, na safari hii nilikuwa nimejipanga. Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo.

"Filta zimebaki ngapi?"

"Tano."

"Za kwako au za dukani?"

"Za kwangu."

"Basi rudi ulale, mali unayo."