Viatu vya Kamin: sehemu moja ya Star Trek sebuleni kwetu

Kwa wiki nzima nilimsihi mama atazame nami The Inner Light, sehemu ya 25 ya msimu wa tano wa Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya televisheni kuhusu safari za anga za mbali, iliyorushwa Marekani Juni 1992 na kupata tuzo ya Hugo, ya kazi za kubuni za kisayansi, mwaka uliofuata. Alikubali Jumamosi jioni kwa sharti kwamba ataendelea kuchambua mchele wake, na mpwa wangu wa kidato cha pili akajiunga nasi, simu mkononi.

Nahodha Picard wa meli ya angani, anayeigizwa na Patrick Stewart, anapigwa na mwali kutoka chombo kisichojulikana, anazimia, kisha anazinduka katika kijiji cha Ressik kwenye sayari ya Kataan, ambako kila mtu anamwita Kamin na mwanamke aitwaye Eline anasema ni mkewe. Anaishi huko miaka ipatayo 40, anapata watoto, anajifunza kupuliza filimbi na kuzeeka, ilhali ndani ya meli yake zimepita kama dakika 25 tu.

Mpwa wangu alitaka kujua ni vipi watu wanaohangaika na ukame, kwa sababu jua lao linaelekea kulipuka, wameweza kuunda chombo kile, mtambo wa kuingia akilini mwa mtu na kumpa maisha kamili. Sikuwa na jibu, na naikubali kuwa dosari ya hadithi. Mama hakujishughulisha na jua hata kidogo. Alichofuatilia ni viatu, kwa kuwa Eline humkumbusha mumewe aviweke mahali pake, na mama, ambaye maneno hayo tumeyasikia kwake tangu utotoni, alikuwa akicheka peke yake. Eline alipokuwa kitandani akikata roho, akamkumbusha tena habari ya viatu na mumewe akaahidi, mkono wa mama ulisimama juu ya ungo, na mchele haukuguswa tena jioni ile.

Huduma ninayoilipia kila mwezi ilikwama mara mbili kuelekea mwisho, jambo lililoniudhi sana, ingawa mpwa wangu alitumia mwanya huo kuuliza mbona kijana Batai, mwana wa Kamin, anafanana mno na baba yake. Hakukosea: anaigizwa na Daniel Stewart, mwana wa Patrick Stewart hasa.

Tukio la mwisho, Picard akipuliza filimbi peke yake dirishani bila kusema neno, ndilo linalonifanya niipe sehemu hii alama zote, dosari ya mtambo nikiijua. Mpwa wangu, aliyekuwa amekwisha kuisaka filimbi hiyo simuni, alitusomea kwamba iliuzwa mnadani Christie's mwaka 2006 kwa dola 48,000, na kwamba ni pambo la kuigizia tu, haitoi sauti. Mama akauliza kama mnunuzi alijaribu kuipuliza kwanza.