Yamaha MG10XU katika kumbi za Mombasa: ikwalaiza kwanza, mwangwi baadaye

Nimeitumia mikisa hii, yaani mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni, kwa misimu miwili ya harusi, katika kumbi za Mombasa na kwenye nyua za Mji wa Kale, nikikihudumia kikundi kidogo cha taarabu chenye mwimbaji, udi, kodiani na dumbaki. Ina nafasi za maikrofoni nne tu, nasi tunazijaza zote.

Wauzaji huinadi kwa efekti zake 24 zilizomo ndani, yaani madoido ya sauti kama mwangwi, lakini kwangu mimi thamani yake imo kwenye ikwalaiza, yaani vitufe vya kupunguza au kuongeza sauti nzito, za kati na nyembamba, ambayo wengi huipita mbio ili waufikie mwangwi. Chaneli ya mwimbaji, yaani njia ya maikrofoni yake, ina vitufe vitatu vya kuzungusha: cha chini hushika sauti nzito za hezi 100, cha kati za kilohezi 2.5, na cha juu zile nyembamba za kilohezi 10, na kila kimoja huongeza au kupunguza hadi desibeli 15. Katika ukumbi wa kuta za saruji na sakafu ya vigae, kazi yangu ya kwanza ni kupunguza. Udi uliowekewa maikrofoni karibu na tumbo lake hunguruma hata ukawafunika wenzake. Nikishusha kidogo kitufe cha chini, nyuzi hujitokeza kila moja kwa mlio wake. Kodiani nayo hulipigania eneo lile lile la kati ambamo maneno ya mwimbaji hukaa, kwa hivyo huishusha hapo, kwani waliokuja kusikiliza taarabu wamekuja kwa ajili ya mashairi.

Upungufu wake ni kwamba kitufe cha kati hakihami kutoka kilohezi 2.5. Spika zikianza kupiga mbinja mahali pengine, ikwalaiza hii haiwezi kuufuata mlio huo, na dawa inakuwa kuisogeza spika au kuigeuza maikrofoni. Kwa upande mwingine, kile kitufe cha kukata sauti zilizo chini ya hezi 80 kimenifaa sana uani wakati wa kusi, upepo unapoigonga maikrofoni ya mwimbaji.

Efekti zenyewe ni safi, ila hutumika moja kwa wakati mmoja, na chaneli za maikrofoni hugawana hiyo hiyo, kila moja ikijipimia kiasi chake. Ukumbini, ambako kuta zimeshaleta mwangwi wao, humpa mwimbaji tone tu. Uani, ambako sauti hupotea hewani, ndiko mwangwi wa mikisa unapopata kazi, nami huchagua ule mfupi ili mwisho wa neno usiumeze mwanzo wa linalofuata. Mzee anaposimama kutoa nasaha, ninazima efekti kabisa. Kompresa, yaani vidhibiti vya kuzuia sauti isipande ghafla, zilizoko kwenye chaneli 1 na 2 pekee, ninaziachia mwimbaji na dumbaki.

Anayetaka kurekodi kwa kebo ya USB ajue kwamba kompyuta hupokea mchanganyiko uliokwisha kutengenezwa, si chaneli moja moja. Mwangwi niliouminya kwa sababu ya ukumbi huufanya muziki usikike mkavu nyumbani, kwa hivyo siku za kurekodi huweka kinasa sauti kingine katikati ya ukumbi, kisha nikazichanganya rekodi hizo mbili.