TAHADHARI: Kaka wa "mafuta ya CBD" hapa Dodoma, gari jeupe, maneno matamu

Jamani, naandika mikono inatetemeka, na wenye kucheka chekeni tu. Nimepigwa laki na ishirini. Mimi, niliyekuwa wa kwanza kuwasema wale waliotapeliwa kwenye ile ya sabuni.

Magoti ya mama yanavyomsumbua mnajua, sirudii. Huyu kaka nilimwona kwenye status ya mtu ninayemheshimu (tumeshaongea, naye kalizwa). Tukapanga kukutana pale Sabasaba, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kaja shati limenyooka, kitambulisho shingoni kimegeukia ndani, na hana haraka. Hapo ndipo aliponimaliza. Matapeli niliowazoea wana haraka, huyu akaninunulia mpaka maji.

Nikamuuliza wazi: kaka, hii si bangi hii? Akacheka kwa upole, akatoa kalamu akaanza kunichorea nyuma ya bahasha. Mmea ni mmoja, dada yangu, ila ndani una vitu zaidi ya mia, na vinavyojulikana sana ni viwili. THC ndiyo inayolewesha, ndiyo inayokwenda kukamata ubongo. CBD haileweshi. Ukizihesabu zote mbili utakuta kaboni 21, hidrojeni 30, oksijeni 2, tofauti ni namna zilivyojipanga tu. Akaniambia Marekani mwaka 2018 waliidhinisha dawa ya CBD inayoitwa Epidiolex kwa kifafa sugu cha watoto, na mwaka huohuo wakulima wao wakaruhusiwa kulima aina yenye THC isiyozidi asilimia 0.3.

Nimekuja kuyatafuta yote hayo usiku, mambo yameshaharibika. Ni kweli tupu! Ndicho kinachoniuma. Angedanganya hata neno moja ningemshika. Ila hakunichorea kwamba dawa ile ni ya kifafa na inaandikwa na daktari. Magoti hayamo.

Akadondosha tone mgongoni mwa kiganja changu, onja. Chungu kidogo, na nyuma ya uchungu harufu ya alizeti. Mimi mtoto wa Kibaigwa, nimekulia mlangoni mwa mashine ya kukamua, alizeti naijua hata usingizini. Nikamwambia. Hakushtuka hata kope: "Dada una pua! CBD haiyeyuki kwenye maji, lazima ibebwe na mafuta." Nayo hiyo ni kweli!!! Badala ya kuondoka nikabaki natabasamu kwa kusifiwa pua. Akaomba nimpigie mama, akamwamkia kwa Kigogo "Mbukwenyi mama," mama akalainika palepale. Nikatuma hela. Jina lililotokea kwenye muamala ni la mwanamke, akasema ni mke wake.

Jumamosi jioni nikampa mama matone ishirini chini ya ulimi kama tulivyoelekezwa. Saa nzima ya kwanza hakuna kitu, saa ya pili hivi akaanza kucheka peke yake. Mama yangu! Ambaye mvinyo wa zabibu za hapahapa kwetu hajawahi kuugusa. Akasema bati linatembea. Macho mekundu, kinywa kimekauka, kamaliza jagi la maji, kamaliza ugali na mlenda wa watu watatu, halafu kicheko kikakatika akanishika mkono: "Mwanangu, moyo unakimbia, nakufa." Nilikesha nimemshika, nikimhesabia mapigo kwa saa ya ukutani. Presha yake mnaijua.

Asubuhi nikampelekea mfamasia wetu ile chupa. Kanusa mara moja. CBD haimfanyi mtu aone bati linatembea, kasema, mama yako kalishwa THC. Bangi ukiikaanga kwenye mafuta, moto ndio unaoiamsha THC yake. Yaani nimeuziwa alizeti iliyokaangiwa bangi, chupa ndogo ya mililita 30! Akanigombeza zaidi: hata CBD halisi inagombana na baadhi ya dawa, ya kuzuia damu kuganda kwa mfano, na ini pia linaweza kuumia. Mtu wa vidonge kila siku hampi kitu bila kuuliza.

Sasa nishitaki wapi? Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haijali mchoro wa bahasha, bangi na mchanganyiko wake ni kosa, na aliyeshika chupa ni mimi. Ndiyo maana ana ujasiri ule, anajua hatushitaki. Namba ya Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya ni 119, nimeibonyeza mara mbili nikakata. Leo nitapiga.

Dalili mnataka? Lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine, nimeikwangua chini kuna mafuta ya nywele. Hakuna namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hakuna cheti cha maabara cha kuonyesha THC ni kiasi gani. Risiti hana. Na ile ya jina la mke.

Huyu mtu afungwe, na kabla ya kufungwa anyweshwe chupa yake yote, asimame pale Jamatini saa saba mchana atuchoree vizuri tofauti ya CBD na THC. Mama wa watu, miaka sitini na tisa! Mkimwona piga picha ya gari, namba za nyuma, msimkaribie.

Kaka yangu wa Singida asiambiwe kwanza. Mama mwenyewe ndiye kasema hivyo.