Uzoefu wangu: maiki ya kifuani ilimnyima mama sauti, fundi akamlaumu yeye

"Mwambieni mama apaze sauti." Hilo ndo jibu nililopewa na fundi mitambo, na kila nikilikumbuka damu inachemka upya, japo ni muda sasa na nilishasema sitaandika. Mtu tumemkodi na spika zake na maiki zake, tumemlipa yote kabla, afu kifaa chake kikishindwa kazi anayetakiwa kuhangaika ni mama wa watu, mzee.

Ilikuwa hafla ya kumuaga muuguzi aliyestaafu, ndo huyo mama. Sauti yake ni ndogo, ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa usiku bila kuamsha wodi nzima. Na hili nililisema mapema, kwa simu na tena asubuhi fundi akiwa anavuta waya: kaka, msemaji wetu ana sauti ya chini, atakuwa na karatasi mkononi, na shingoni atavaa skafu. Akaniambia usiwaze dada, namwekea ile ndogo ya kifuani, ya kisasa, hata haionekani. Nikamwamini, si ndo kazi yake.

Akaibana kwenye skafu. Kwenye skafu jamani! Kitambaa laini kinachoteleza, mama akivuta pumzi kinasugua ile maiki, krrr, akigeuza karatasi kinasugua tena, krrr, mwisho maiki yenyewe ikazama ndani ya mkunjo ikawa kama mtu anaongea akiwa amefunikwa blanketi. Fundi akapandisha, spika zikapiga mluzi watu wakaziba masikio, akashusha, mama akapotea. Akapandisha tena, mluzi tena. Na spika zenyewe alikuwa ameziweka nyuma ya mama, zinamwelekea mgongoni, yaani kila kinachotoka kwenye spika kinaingia moja kwa moja kwenye maiki kinarudi kwenye spika, hapo mluzi utaachaje kupiga? Kujaribu mitambo alijaribu, sikatai, ila alijaribu yeye mwenyewe na sauti lake zito, cheki moja mbili, akaridhika. Mama hakuitwa hata aseme neno moja.

Na hesabu yake wala si ngumu. Sauti ikitoka mdomoni, kila umbali ukiongezeka maradufu inashuka kama desibeli 6, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Maiki ya mkononi ukiishika sentimita 2 na nusu toka mdomoni iko hapo, ya kifuani iko kama sentimita 20. Toka 2 na nusu kwenda 5, toka 5 kwenda 10, toka 10 kwenda 20, umbali umeongezeka maradufu mara tatu, desibeli 18 zimeshapotea kabla hujagusa miksa, ile mashine ya fundi ya kupandisha na kushusha sauti. Inabidi uzirudishe kwa kupandisha, na hizi za kifuani nyingi zinasikia pande zote, hazichagui, kwa hiyo unapompandisha mama unapandisha na spika na feni na watoto wanaolia. Sasa unamwambia mzee azirudishe hizo 18 kwa koo lake?

Nisiwe mwonevu, maiki ya kifuani siyo kifaa kibaya. Kwenye kurekodi video ni nzuri sana. Hata ukumbini, spika zikiwekwa mbele ya msemaji, maiki ikabanwa kwenye ukingo wa koti au kola ngumu, na mwenyewe akawa na sauti ya kujaza chumba, inafanya kazi vizuri tu. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota moja, nikaona niongeze ya pili kwa sababu kosa siyo la kifaa. Na fundi alifika kwa wakati, waya zote alizibandika chini vizuri hakuna aliyejikwaa, hayo nampa kwa moyo safi.

Lakini hedifoni zilikuwa shingoni. Shughuli nzima, mama anasoma, ukumbi haumsikii, hedifoni ziko shingoni na yeye yuko kwenye simu. Nilipomfuata ndo akanipa lile jibu, na alilisema kwa nguvu mpaka mama akasikia, akatuangalia, akajaribu kupaza, akaanza kukohoa.

Kilichotuokoa ni maiki ya emsii, ya waya, kuukuu, wavu wake umebonyea upande mmoja. Ni aina ileile ya SM58 ya Shure, ambayo ipo tangu 1966 na hadi leo utaikuta majukwaani kila mahali, na sababu ipo: inasikia cha mbele yake, cha nyuma inakipunguza sana, haitaki betri, haigombanii mawimbi na vifaa vingine. Ina matatizo yake, mtu akiishusha tumboni au akiukumbatia wavu kwa kiganja umekosa yote, na mama asingeweza kuishika maana mikono yote miwili ilikuwa na karatasi, na zilikuwa zinatetemeka. Nikapiga magoti pembeni ya kiti chake nikamshikia mimi, chini kidogo ya kidevu. Akaniambia, "Mwanangu, utachoka." Nikamwambia soma tu mama.

Akarudia toka mwanzo. Kumbe ukurasa wa kwanza wote yalikuwa majina ya wauguzi wenzake waliotangulia mbele ya haki, alishayasoma mara moja na hakuna aliyeyasikia. Safari hii waliokaa nyuma kabisa walianza kusimama mmoja mmoja, bila kuambiwa na mtu.

Ningeishia hapo, nyota mbili, yaishe. Ila wakati fundi anafunga mitambo niliona kwenye boksi lake, ndani ya sponji, maiki ya kichwani, ile nyembamba ya rangi ya ngozi inayopita sikioni na ncha inakaa pembeni ya mdomo. Hiyo haijali skafu. Ukigeuka inageuka na wewe, mikono iko huru, na iko karibu na mdomo kiasi kwamba sauti ndogo inatosha. Nikamuuliza kaka, hii nzima? Nzima dada, hiyo huwa tunawapa wanaotembeatembea jukwaani. Alikuwa nayo! Saa zote zile mimi niko magotini, mama anakohoa, dawa iko kwenye boksi hatua tano toka pale, na niliyemweleza kila kitu asubuhi ni yeye.

Nyota ya pili naiondoa, na hiyo moja iliyobaki ni ya waya zilizobandikwa vizuri, basi. Kama unakodi mitambo usikubali neno "ya kisasa", mwambie fundi msemaji wako ataongea vipi, atavaa nini, mikono itakuwa na nini, na umlazimishe amjaribishe msemaji mwenyewe na nguo zake.

Tulipokuwa tunamsindikiza mama kwenye gari alinishika mkono akaniuliza taratibu kama alikuwa anasoma vibaya. Nikamwambia hapana mama, ulisoma vizuri, ile maiki ndo haikuwa ya kwako.