Matunda ya kepa ya chupa: nilivyoyala na samaki wa Mtwara

Kwa sisi wa Mtwara tunaokula samaki karibu kila siku, chupa moja ya matunda ya kepa (mmea ambao kwa Kiingereza huitwa caper) inastahili kuwepo jikoni. Madukani hapa mjini sijayaona bado. Yangu aliyanunua mdogo wangu kwenye supamaketi moja ya Dar es Salaam akanitumia kwa basi, na tangu hapo nimeyajaribu na karibu kila ninachonunua Feri, soko letu la samaki.

Ukienda kununua, angalia vizuri unachochukua, kwa sababu mmea ni mmoja lakini vinavyouzwa ni viwili. Vile vidogo vya duara ni vitumba vya maua, vinachumwa kabla havijachanua. Ninayoyazungumzia mimi ni matunda yenyewe, yanayokuja baada ya ua. Yana ukubwa wa zeituni, rangi ya kijani yenye michirizi myeupe, na kila moja lina kikonyo chake kirefu. Ndani yamejaa mbegu ndogondogo kama za bamia changa, nazo zinatafunika vizuri. Hayo yangu yametoka Hispania.

Likiwa bichi tunda hili ni chungu, ndiyo maana linalowekwa kwenye chumvi na siki. Uchungu ukishapungua unabaki ule ukali wa haradali unaopanda puani kidogo. Aliyekulia kwenye mboga ya mgagani hapati shida nalo. Mimea hii miwili ina undugu wa karibu, na zamani wataalamu waliiweka kwenye familia moja. Mama mkwe wangu, ambaye vyakula vya chupa havitaki kabisa, alionja moja, akanyamaza, akachukua la pili.

Kilichonikosha zaidi ni nguru. Nayaosha matunda, nayaacha kwenye maji safi dakika kama 10 ili chumvi itoke, halafu nayapasua katikati kwa urefu. Vipande vya nguru navipaka kitunguu saumu na pilipili manga tu. Chumvi siweki, itatoka kwenye kepa. Nakaanga kwa mafuta kidogo mpaka pande zote mbili ziwe na rangi, nakaangia kitunguu pembeni ya kikaango, na dakika ya mwisho ndipo namwaga matunda na kukamulia ndimu nusu. Yakikaa sana motoni harufu yake inapotea na yanalegea. Ule ute wa samaki na mafuta unaobaki kwenye kikaango usiutupe, mwagia juu ya wali mweupe.

Pweza naye amekubali. Mchemshe mpaka alainike, apoe, umkate vipande vyembamba, uchanganye na nyanya, kitunguu maji, pilipili mbuzi na matunda mazima na vikonyo vyake. Wenzetu wa pwani za Mediterania, ambako kepa ni kitu cha nyumbani, nao wanamla pweza hivihivi, ila wao wanaongeza mafuta ya zeituni. Mimi bila mafuta naona anatosha.

Kwenye mchuzi wa nazi siyashauri. Siki ikizidi tui linakatika, na hata lisipokatika, utamu wa nazi unaifunika kepa mpaka huisikii. Bidhaa ya bei kama hii usiipotezee huko. Kwa samaki wa nazi achari yetu ya embe inatosha kabisa, weka pembeni ya sahani.

Wageni wakija jioni sipiki chochote. Natoa korosho za kukaanga, vipande vya embe bichi na bakuli la matunda ya kepa, kila mtu anashika kikonyo na kung'ata. Hispania nako yanaliwa hivyo kabla ya chakula, pamoja na zeituni. Korosho na kepa zimependana mno: mafuta ya korosho yanatuliza ile chumvi, na mtu anajikuta anarudia. Hata ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kwetu kusini, nimeila nayo, nimeyakatakata madogo na kuyachanganya na pilipili. Tamu sana.

Lakini nasisitiza hili: chumvi ni nyingi. Mwenye presha ale machache na ayaloweke muda mrefu zaidi, akimwaga na kubadilisha maji. Siki ya kwenye chupa nayo ina kazi, kijiko kidogo kwenye kachumbari kinatosha badala ya ndimu.

Ukishafungua chupa iweke kwenye friji, tumia kijiko kikavu kisafi, na hakikisha matunda yamezama kwenye siki yake. Lililo juu bila siki ndilo linaloanza kuharibika. Asiye na friji, kwa joto letu hili, anunue chupa ndogo na aifungue siku ana watu wa kula naye.