Makumbusho ya Milima ya Pokhara: Yape Nusu Siku

Mawakala wengi wa utalii wa Pokhara, mji wa Nepal, huyabana Makumbusho ya Kimataifa ya Milima katikati ya maporomoko ya Patale Chhango na mashua za ziwa Phewa. Unashuka, unapiga picha, unarudi garini. Mimi nilipewa dakika 45. Nikamwambia dereva aende zake, ningejua namna ya kurudi hotelini. Nimebeba mizigo ya wageni mlimani kabla sijawa mwongozaji wa watalii, na nilijua mahali pale sitapamaliza kwa mwendo wa kukimbia.

Jengo ni la Chama cha Wapanda Milima cha Nepal, lilizinduliwa rasmi mwaka 2004. Nenda asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunga, maana milima inayoelezwa ndani unaiona kwa macho yako ukiwa nje: Dhaulagiri, Annapurna, Manaslu.

Kilichonifurahisha ni kwamba wenyeji wa milima wamepewa nafasi ya heshima. Washerpa, Wagurung, Wathakali, kila watu na mavazi yao na vyombo vyao vya nyumbani. Kuna pia sehemu ya miamba. Kama hujui, Himalaya ilikuwa chini ya bahari. Hata kwenye kilele cha Everest kuna mawe yenye mabaki ya viumbe wa baharini.

Halafu unaingia kwenye sehemu ya milima 14 ya dunia yenye kimo kinachozidi mita 8,000. Hapo ndipo nilipokaa sana, hasa kwa Annapurna, wa kwanza kati ya hiyo 14 kupandwa hadi kileleni. Wafaransa wa mwaka 1950 walikuja na ramani yenye makosa, wakatumia wiki kadhaa wakiutafuta mlima wenyewe. Maurice Herzog na Louis Lachenal walifika juu tarehe 3 Juni, bila mitungi ya oksijeni. Kiongozi wa Washerpa wao, Ang Tharkey, alialikwa kwenda nao kileleni akakataa, kwa sababu miguu yake ilikwishaanza kuganda. Huo ndio uamuzi wa mtu anayeijua kazi. Herzog alipoteza vidole vya mikono na vya miguu, Lachenal vya miguu, na wapagazi ndio waliowabeba mgongoni kuwarudisha mabondeni.

Ukiwa na kisa hicho kichwani, sogea karibu na vifaa vya zamani. Angalia viatu vya ngozi, angalia mishono yake. Ngozi ikilowa mchana, usiku inaganda ikawa jiwe, na asubuhi lazima uingize mguu humo humo. Nilisimama pale nikajikuta nakunja vidole ndani ya viatu vyangu.

Ukumbi wa wapandaji mashuhuri nilipita haraka. Hillary na Tenzing, wa kwanza kufika kilele cha Everest mwaka 1953, nimewaona kila mahali. Yeti, yule mtu-nyani wa theluji wa hadithi, naye yupo, na watoto walimzunguka kweli kweli.

Usiache kuona takataka zilizoshushwa kutoka Everest. Mitungi, makopo, mabaki ya kambi, vimekusanywa pamoja mbele yako. Mgeni wangu yeyote ningependa asimame hapo kabla hajafunga begi lake. Kila kopo lile lilipandishwa kwa mgongo wa mtu aliyelipwa kulibeba, kisha likamsubiri mtu mwingine aje ahatarishe maisha kulishusha. Nimeokota makopo mlimani miaka mingi na bado pale nilipandwa na hasira.

Kama ningeombwa ushauri, ningesema wapagazi wapewe ukumbi wao peke yao, wenye mizani ya kupimia mzigo, ili mgeni ajaribu kunyanyua kilo 25 na kupanda nazo ngazi chache. Angeelewa mengi kuliko kwa kusoma.

Nje kuna ukuta wa kukwea na mfano wa Manaslu wenye urefu wa mita 9.5 ambao unaruhusiwa kuupanda. Mlima wenyewe ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1956 na Toshio Imanishi wa Japani pamoja na Msherpa Gyalzen Norbu. Wenye watoto waanze na kumbi za ndani, kwa sababu wakishauona huo mlima mdogo hutawatoa tena hapo.