TAHADHARI: Seti za faiba za kuundia tela la "mtindo wa jeshi" zinazouzwa mtandaoni hapa Dar

Wakuu habari zenu. Naomba hii isomwe hasa na nyie mnaopenda kwenda kambi Mikumi na Saadani, au mnaobeba vitu vya shamba na Jimny, Prado au Land Rover, manake kuna jamaa anauza seti za faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya rezini) za kuundia matela madogo ya mtindo wa jeshi, anatangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya magari, na anaumiza watu. Mimi ni fundi wa kuchomelea mtaa wa Gerezani hapa Dar, kazi yangu kuunda chasisi, kwa hiyo watu wakishapokea mzigo wake wananiletea mimi niwaundie chini, ndo nimeyaona haya yote kwa macho. Jina siliandiki kwa sababu mteja mmoja ameshafungua jalada polisi na sitaki kumharibia, na hata hivyo jamaa anabadilisha jina la ukurasa na laini ya simu kila akishtukiwa. Mtamjua kwa mwenendo.

Kwanza picha. Utaona tela safi sana la rangi ya kijani linavutwa na Jeep, ukiangalia vizuri usukani upo kushoto na nyuma kuna theluji. Hiyo sio Dar na sio kazi yake. Mwambie akupigie simu ya video muda huohuo akuonyeshe mzigo uliopo, hatafanya, atakwambia stoo imefungwa au mtandao unasumbua.

Pili anakwambia ni "original ya jeshi la Marekani, faiba ya kijeshi". Wakuu huo ni uongo wa wazi kabisa. Matela ya jeep ya vita vya pili, yale ya Bantam T-3, na hata M416 ya robo tani iliyokuja baadaye kuvutwa na jeep ya M151, bodi zake ni za chuma. Faiba iliingia kwa watu wa kawaida wanaopenda ule muonekano, wakaanza kumwaga bodi kwenye moldi ili wapate umbo lile bila ule uzito. Ni kitu kizuri na mimi nakipenda, lakini anayekuuzia faiba kwa bei ya mali ya jeshi anakuibia mchana kweupe.

Ukishatuma advansi inaanza hadithi ya bandari, mzigo umekwama, ongeza hela ya ushuru tuutoe, tuma kwenye namba hii. Ushuru wa TRA (mamlaka ya mapato) unalipwa kwa control number, yaani namba ya malipo ya serikali, benki au kwenye simu, haulipwi kwenye laini ya mtu binafsi hata siku moja. Akikutajia laini ya mtu acha hapohapo. Na usikubali risiti ya kuandika kwa mkono, dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kama ni kampuni kweli ipo BRELA kwenye usajili wa kampuni na ina TIN, namba ya mlipakodi.

Sasa wanaopata mzigo, na hapa ndo roho inaniuma zaidi. Vinavyokuja ni vipande vya bodi vimepakwa rangi nje vinang'aa, ukigeuza ndani unakuta nyuzi kavu hazijaloa rezini, unaweza kuzing'oa kwa kucha. Anasema tabaka sita. Mkeka wa faiba wa gramu 450 ukilowa vizuri unatoa kama milimita 1 kwa kila tabaka, hivyo tabaka sita ziwe kama milimita 6, mimi nimepima na kalipa nimekuta 2, na sehemu za kona ambazo ndo zinahitaji unene amejaza puti tupu, ile ya kuzibia mabonde kabla ya rangi. Puti haina nyuzi, ikipata mtikisiko inapasuka na kudondoka. Halafu harufu, unakuta seti imekaa kwa mtu muda mrefu bado inanuka rezini kali na ukigusa inanata, hiyo maana yake hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, ilipimwa kwa macho. Hadina ya rezini ya poliesta kwa kawaida ni asilimia 1 mpaka 2, ukipunja faiba haikomai, inabaki laini ndani.

Kwa hiyo kabla hujamalizia hela geuza kila kipande uangalie mgongo wake. Chukua sarafu ugonge taratibu eneo zima, panapolia kwa ukali pako salama, panapolia bubu kama boksi tupu kuna hewa katikati ya tabaka. Kama kipande hakijapakwa rangi upande wowote kisimamishe juani uangalie kwa upande wa pili, mapovu na sehemu nyembamba zinaonekana zenyewe. Muuzaji akikukataza kupima, ondoka na hela yako.

Lakini kubwa kuliko yote, na hili naomba mnielewe: jamaa anawaambia watu faiba yake ni ngumu, eti wafunge ekseli moja kwa moja kwenye sakafu ya bodi wasihangaike na chasisi. HAPANA. Bodi ya faiba ni ya kukinga na kushika vitu, mzigo wa barabara unabebwa na fremu ya chuma, springi zinafungwa kwenye chuma, mkono wa kuvutia unatoka kwenye chuma, bodi inakaa juu kwa bolti zenye washa pana na mbao ya plaiwudi iliyofunikwa faiba ili nguvu isikusanyike kwenye tundu moja. Kuna kijana alimsikiliza yule muuzaji, akapakia maji na jenereta, alipofika kwenye matuta ya Kibaha bolti zikachana sakafu, ekseli ikabaki nyuma, tela likalala katikati ya njia. Nyuma yake kulikuwa na bodaboda amebeba mama na mtoto, alikwepa kwa sekunde tu. Ile ni Morogoro Road wakuu, malori na mabasi muda wote.

Habu anazotuma nazo, pale rimu inapofungwa, ni za gari ndogo, za bolti 4. Gari lako likiwa Prado ni bolti 6, Jimny 5, maana yake pancha ikitokea porini spea yako haiingii kwenye tela. Uzito wa mbele hakuelekezi kabisa, mzigo upange hivi kwamba asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote uegemee kwenye ndoano ya gari, ukipakia nyuma zaidi tela linayumba na linavuta gari nalo.

Anadanganya pia kwamba tela dogo halisajiliwi. Linasajiliwa TRA na linapata namba yake, taa za nyuma lazima. Na ile ofa yake ya kukupakia rangi ya madoadoa ya jeshi bure ikatae, mnakumbuka Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe sare na nguo zinazofanana na za jeshi. Tamko lilihusu mavazi lakini kwa nini ujitafutie maswali barabarani, piga kijani ya kawaida au mchanga.

Mnaotaka tela hili kweli, mafundi wa boti za faiba wapo hapahapa Dar, wanajua kulowesha nyuzi na bahari inawapima kila siku. Nenda na vipimo vyako, lipa kwa hatua, simama uone tabaka zinavyowekwa.

Na wewe ambaye umeshamtumia hela, usifute meseji hata moja. Chapisha muamala, piga picha mzigo kabla hujaugusa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu uchukue RB, ile namba ya taarifa yako polisi, na namba aliyokutapeli nayo itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Aliyeshafunga ekseli kwenye faiba tupu asiliingize tena barabarani, alete Gerezani nitamkagulia bure.